Somo la Kihispania kwa Redio: Neno "Fue", Alikuwa au Alikwenda?

Kila mtu na awe na kalamu na daftari, na karatasi hii ya somo iwe mbele yake. Nikisoma neno la Kihispania, lifuateni kwa kidole. Nikinyamaza kidogo, lirudieni kwa sauti. Mwenye mtoto aliyelala, na arudie kimoyomoyo.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza vitendo vinavyofuata kanuni. Tulisema *hablar*, kusema, *hablé*, nilisema, *habló*, alisema. Tulisema tena *comer*, kula, *comí*, nilikula, *comió*, alikula. Vitendo hivyo ni watiifu. Ukikijua kimoja, umevijua vingi.

Leo tunakuja kwenye kitendo kisichofuata kanuni. Ni kifupi sana, lakini kimewaangusha watu wengi, na mmoja wao ni mimi ninayesema nanyi. Nitawaeleza habari hiyo baadaye kidogo, maana ndiyo iliyonifanya nitake kulitoa somo hili.

Haya, tazameni karatasi zenu. Someni pamoja nami.

*Yo fui.* Mimi.
*Tú fuiste.* Wewe.
*Él fue.* Yeye mwanamume. *Ella fue.* Yeye mwanamke.
*Nosotros fuimos.* Sisi.
*Vosotros fuisteis.* Ninyi.
*Ellos fueron.* Wao.

(Kimya kidogo. Wanafunzi warudie.)

Angalieni matamshi. Katika Kiswahili tukiona *u* na *i* pamoja, kila moja hupata pumzi yake: fu-i. Katika Kihispania sauti hizo mbili hutamkwa kwa pumzi moja. Semeni *fwi*, kama tusemavyo *kwisha*, si *ku-isha*. Semeni *fwe*. Semeni *fweron*. Vema. Na neno *fuisteis*, la ninyi, hutumika zaidi huko Hispania. Katika nchi za Amerika, kama Meksiko na Kuba, watu husema *ustedes fueron*, yaani hutumia umbo lile lile la wao.

Huenda mmekwisha kuona kwamba nimewapa maneno, lakini sikuwapa maana. Nimesema "mimi", "wewe", "yeye", basi. Sikusahau. Neno hili lina maana mbili zilizo mbali sana, na sharti tuzitenge polepole.

*Fue* maana yake ni "alikuwa". Hiyo ni maana ya kwanza, nayo hutoka katika kitendo *ser*, yaani kuwa.

*Fue* maana yake ni "alikwenda". Hiyo ni maana ya pili, nayo hutoka katika kitendo *ir*, yaani kwenda.

Vitendo viwili, umbo moja. Herufi ni zile zile, sauti ni ile ile. Ukilikuta neno *fue* peke yake katika karatasi, hata mzaliwa wa Hispania hawezi kukuambia lina maana gani. Atakuuliza kwanza: maneno yaliyo kando yake ni yapi?

Pengine mmoja wenu anasema moyoni, "Lugha gani hii? Wanawezaje watu kuchanganya kuwa na kwenda?" Tusiwacheke upesi. Sikilizeni mazungumzo haya ya kwetu.

"Ulikuwa wapi jana?"
"Nilikuwa sokoni."

Je, aliyejibu amesema kwamba alikwenda sokoni? Hakusema. Amesema alikuwa sokoni. Lakini sote tumejua kwamba alikwenda, maana hakuzaliwa sokoni. Mtu akisema alikuwa mahali fulani, na sasa yuko hapa, safari imo ndani ya maneno yake ingawa hakuitaja.

Jambo la namna hii liliwatokea watu wa Hispania. Kihispania ni mtoto wa Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, ambao majeshi yao yalianza kuingia Hispania mwaka 218 kabla ya Kristo. Katika Kilatini neno *fui* lilikuwa na maana ya "nilikuwa". Kwenda kulikuwa na neno lake jingine la wakati uliopita, fupi mno na dhaifu masikioni. Miaka ilivyopita, watu wa mitaani na mashambani waliliacha neno lile dhaifu, wakalitwika *fui* mizigo yote miwili. Aliyekuwa mahali ndiye aliyekwenda mahali. Kireno, ndugu wa Kihispania, kilifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo Mreno naye husema *fui* kwa "nilikuwa" na kwa "nilikwenda", na wanaosema Kireno katika nchi jirani ya Msumbiji husema hivyo pia.

Na sisi je, vitendo vyetu ni vitiifu? Mgeni anayejifunza Kiswahili huambiwa, "Mimi ni mwalimu." Kesho huambiwa, "Nilikuwa mwalimu." Huuliza, "Lile neno *ni* limekwenda wapi?" Tunamwambia mtoto "soma", "lala", "kaa", lakini tukimwita hatumwambii "ja". Twasema "njoo". Mgeni hushangaa, nasi hatushangai, kwa kuwa tumelisema tangu utotoni. Katika lugha nyingi vitendo visivyofuata kanuni ndivyo vinavyotumika kila siku: kuwa, kwenda, kuja. Ni kama mpini wa jembe. Mpini unaoshikwa kila asubuhi hulika na kupata umbo la mkono wa mwenyewe.

Sasa tujifunze namna ya kuzijua maana hizi mbili. Nitatumia mtu mmoja ambaye ninyi mnamjua. Kwa Kihispania anaitwa *Fulano*. Ndiyo, ni yule yule Fulani wetu. Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hata mwaka 1492, na Kiarabu kikaacha maneno mengi huko kama kilivyoacha huku kwetu. Sukari yetu kwao ni *azúcar*. Neno letu "hata" kwao ni *hasta*, nalo lina maana ya "mpaka", kama nilivyolitumia sasa hivi niliposema "hata mwaka 1492". Basi Fulano atatusaidia leo.

Someni: *Fulano fue al mercado.* Mercado ni soko. Baada ya *fue* kuna neno *al*, yaani *a* na *el* zilizounganishwa. Neno *a* ni kidole kinachoonyesha njia. Likifuatwa na mahali, basi kuna safari. Fulani alikwenda sokoni.

Someni tena: *Fulano fue maestro.* Maestro ni mwalimu. Hapa hakuna *a*, wala hakuna mahali. Baada ya *fue* kuna kazi ya mtu. Mtu hawezi "kwenda mwalimu". Fulani alikuwa mwalimu.

(Kimya kidogo. Wanafunzi warudie sentensi zote mbili.)

Basi andikeni kanuni mbili katika madaftari yenu.

Kwanza: *fue* ikifuatwa na *a* au *al*, kisha mahali, maana yake ni alikwenda.

Pili: *fue* ikifuatwa na kazi, sifa au hali ya mtu au kitu, maana yake ni alikuwa, au ilikuwa.

Iko na ya tatu, nayo itawapendeza, kwa sababu Kiswahili kinayo tayari. Sisi husema "alikwenda", tena husema "alikwenda zake". Hayo si mamoja. Alikwenda zake ni kusema aliondoka, ametuacha. Mhispania hufanya hivyo kwa kuweka neno dogo mbele ya kitendo, nalo hubadilika kwa kila mtu kama *zangu* na *zako* zinavyobadilika.

*Me fui.* Nilikwenda zangu.
*Te fuiste.* Ulikwenda zako.
*Se fue.* Alikwenda zake.
*Nos fuimos.* Tulikwenda zetu.
*Os fuisteis.* Mlikwenda zenu.
*Se fueron.* Walikwenda zao.

Ukiona *se fue*, mara nyingi ni mtu aliyeondoka. Lakini kuwa mwangalifu. Sisi tukisema juu ya mtu "ametutoka", kila mtu huinamisha kichwa, maana tunajua amekufa. Wahispania nao huweza kusema *se fue* juu ya marehemu. Na hapa ndipo ninapotaka kuwaeleza habari niliyowaahidi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikizungukia madarasa ya watu wazima katika mji mmoja wa pwani. Jioni moja, masomo yalipokwisha, mama mmoja mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alinijia na furushi. Mwanawe alikuwa baharia. Meli za Kihispania huvua jodari katika Bahari ya Hindi, naye kijana alipata kazi katika meli moja, hata akafika Vigo, bandari kubwa ya uvuvi huko Hispania. Alipanga chumba kwa mama mmoja mzee. Kwa muda wa mwezi mzima simu yake ilikuwa haipatikani. Sasa limekuja furushi: koti la baridi, sweta, mashati mawili, na karatasi moja yenye mistari michache. Barua ya mwana mwenyewe haikuwamo.

Mama akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, nimesikia umesoma lugha hii. Nisomee."

Ni kweli niliisoma Chuo Kikuu, pamoja na masomo mengine ya diploma yangu. Lakini gari lilikuwa likiningoja nje, na dereva alikuwa amekwisha kupiga honi mara mbili. Nikaifungua karatasi, nikasoma hivi:

*Su hijo fue un buen huésped.* Mwanao alikuwa mgeni mwema.

*Fue como un hijo para mí.* Alikuwa kama mwanangu.

*El lunes se fue.* Siku ya Jumatatu alikwenda zake.

*Dejó esta ropa para su hermano.* Aliacha nguo hizi kwa ajili ya ndugu yake.

Nilipofika hapo nikanyamaza. Alikuwa mwema. Alikuwa kama mwanangu. Alikwenda zake. Na nguo zake hizi hapa, za kupewa ndugu yake. Sikusema neno "amekufa". Lakini nilivua kofia yangu, na mama akaniona nikiivua.

Mwenzake mmoja akapiga ukelele. Mwingine akatoka mbio kwenda kuwaambia watu wa nyumbani. Mama mwenyewe hakulia. Alinyosha mkono, akasema, "Nipe niione."

Nikampa. Akaiweka juu ya dawati, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaanza kuisoma kama walivyofundishwa, herufi kwa herufi, mstari kwa mstari. Hakujua hata neno moja la lugha ile. Nilitaka kumwambia aache, asijiumize. Alikwenda polepole mpaka katikati, pale karatasi ilipokunjwa, na wino ulikuwa umefifia. Kidole kikasimama.

"Mwalimu," akasema, "hapa penye kunjo pana mstari hukuusoma. Pana herufi kubwa, hii C. Tumefundishwa kwamba herufi kubwa katikati ya maneno ni jina la mtu au la mahali. Hili ni jina la nani?"

Nikainama. Ndani ya kunjo mlikuwa na maneno haya: *a Cádiz, a su barco.*

Cádiz ni mji wa bandari kusini mwa Hispania. *Su barco* ni meli yake. *El lunes se fue a Cádiz, a su barco.* Siku ya Jumatatu alikwenda zake Cádiz, kwenye meli yake. Kijana alikuwa amemaliza likizo, amerudi kazini, na nguo zisizomfaa tena amemtumia mdogo wake.

Niliketi juu ya benchi la wanafunzi. Ilibidi kijana mmoja atumwe mbio awazuie watu waliokuwa wakitandika mikeka ya matanga. Baada ya wiki tatu mwana alipiga simu kutoka bandari nyingine. Simu yake ya kwanza ilikuwa imeanguka majini.

Nawaulizeni, wasikilizaji, ni nani aliyeisoma barua ile? Mimi nilijua maana za maneno, naye hakujua. Lakini mimi nilisoma nusu ya karatasi, naye aliisoma yote. Mara nyingi watu wazima huniambia, "Mwalimu, mimi ni mzito, nasoma polepole kama kobe." Nami huwajibu kwa habari hii. Kusoma polepole si aibu. Aibu ni kusimama kabla ya mwisho ukajifanya umefika.

Haya, turudi kwenye somo. Kama ningalitafuta jirani wa *fue*, ningaliuliza, "*Se fue*, alikwenda zake, wapi?" Na kidole *a* kingalinionyesha. Kwa hiyo kila mkutanapo na neno hili, fanyeni mambo matatu. Tazameni neno lililotangulia: je, kuna *me*, *te*, *se*, *nos* au *os*? Tazameni neno linalofuata: je, kuna *a* na mahali, au kuna kazi na sifa? Kisha someni mpaka kwenye nukta.

Mambo machache zaidi, ili msije mkatatizika.

Kanuni ile ya *a* hutazama mahali, si saa. *La fiesta fue a las ocho.* Fiesta ni sherehe, *a las ocho* ni katika saa nane ya saa yao, ambayo kwetu ni saa mbili. Sherehe haina miguu ya kwendea. Ilikuwa saa mbili. Kadhalika neno *en*. *La fiesta fue en mi casa*, sherehe ilikuwa nyumbani kwangu. Lakini *Fulano fue en tren*, Fulani alikwenda kwa garimoshi. Basi mwulizeni mwenye kitendo: wewe ni nani, na unaweza kufanya nini?

Tena, ukitaka kusema "nilikuwa sokoni", usiseme *fui en el mercado*. Kwa mahali alipokuwa mtu wanatumia kitendo kingine, *estar*. Semeni *estuve en el mercado*. Au semeni *fui al mercado*, nilikwenda sokoni.

Vile vile liko neno *era*, ambalo nalo ni "alikuwa". *Fue* hutazama jambo lililokwisha, kama mtu aliyefunga mlango. *Era* huonyesha hali iliyokuwa ikiendelea, haitazami mwisho wake. Hilo tutalisoma katika somo lake.

La mwisho ni la maandishi. Mkikuta kitabu cha zamani cha Kihispania, mnaweza kuona *fuí* na *fué*, zenye alama juu ya herufi. Msidhani ni neno jingine. Chuo cha lugha cha Hispania kilitoa kanuni mpya mwaka 1952, zikawa za lazima mwaka 1959, na alama hizo zikaondolewa. Siku hizi twaandika *fui* na *fue*, bila alama.

Sasa kazi ya wiki hii. Andikeni sentensi hizi, mpige mstari chini ya jirani wa kitendo, kisha mwandike maana kwa Kiswahili. *Mar* ni bahari, *pescador* ni mvuvi, *escuela* ni shule, *amigos* ni marafiki, *niños* ni watoto.

1. *Mi padre fue pescador.*
2. *Mi padre fue al mar.*
3. *Fuimos amigos.*
4. *Fuimos a la escuela.*
5. *Los niños se fueron.*
6. *Fui maestro y fui a Cádiz.*

Sentensi ya sita ina *fui* mbili. Msiikimbie. Ichukueni nusu nusu, kila nusu na jirani yake.

Walio madarasani, msomeane kwa zamu, mmoja asome na mwingine aeleze. Walio peke yao, fuateni maneno kwa kidole mpaka mwisho wa mstari, kisha mtazame majibu haya: baba yangu alikuwa mvuvi, baba yangu alikwenda baharini, tulikuwa marafiki, tulikwenda shuleni, watoto walikwenda zao, nilikuwa mwalimu, tena nilikwenda Cádiz.

Na mkiwa na karatasi iliyokunjwa, ifungueni yote.

Somo letu limekwisha. *Me voy*, nakwenda zangu. Kwaherini.